Mahindi ya Nazi ya Sikukuu kwenye Chungu cha Umeme

Siku ya Idd au Krismasi kinachokosekana jikoni ni moto. Sufuria la pilau limekamata jiko kubwa, kuku yuko kwenye mkaa, plati ya pili ya gesi ina mchuzi, na kila anayeingia anauliza abandike wapi chai. Mahindi ya nazi hayana haja ya kugombania nafasi hiyo. Yanapenda moto mdogo wa muda mrefu, kwa hiyo chungu cha umeme cha kupikia polepole kinayafaa sana. Unayabandika asubuhi kwenye kona ya meza, unaendelea na mengine, na mchana unapakua.

Yakitoka vizuri au vibaya, sababu huwa moja. Tui jepesi ndilo linaloivisha mahindi. Tui zito huingia mwishoni, mahindi yakiwa tayari laini. Anayemimina yote mawili kwa pamoja asubuhi atakuta saa nne baadaye mafuta yanaelea juu na chembechembe nyeupe zimezagaa chini, na wageni wameshaanza kuvua viatu mlangoni.

Vipimo

Hivi vinawatosha watu 8 hadi 10 wanaokula mahindi pamoja na pilau au wali, kwenye chungu cha lita 5 na nusu au 6. Kikombe hapa ni cha mililita 250.

- Mahindi mabichi 8 ya wastani, na moja la tisa la kukuna
- Nazi 3 zilizokomaa: vikombe 2 vya tui zito na vikombe 4 vya tui jepesi
- Kitunguu maji 1 kikubwa, kimekatwakatwa
- Kitunguu saumu punje 4 na tangawizi ya urefu wa kidole gumba, vimetwangwa pamoja
- Manjano ya unga kijiko 1 cha chai
- Pilipili mbichi 3, zimepasuliwa kwa urefu bila kukatika
- Chumvi vijiko 2 vya chai, kisha utaongeza mwishoni
- Mafuta ya kupikia vijiko 2 vya mezani
- Ndimu 1 kubwa au 2 ndogo
- Kotmiri fungu moja dogo (giligilani kwa wengine, dania Kenya)
- Ukipenda, karanga zilizokaangwa na kusagwa, vijiko 3 vya mezani

Kwa chungu kidogo cha lita 3 na nusu, chukua nusu ya kila kitu. Chungu kisijae kupita robo tatu, maana kikifurika mvuke hauzunguki na vipande vya juu hubaki vigumu.

Hindi lenyewe

Hapa ndipo pa kutumia muda wako, sokoni kabla ya jikoni. Tunataka hindi bichi jeupe, lile la kawaida la shambani, likiwa katika hatua ya maziwa. Chana ganda kidogo, kisha bonyeza punje ya katikati kwa ukucha. Likitoka jimaji zito jeupe kama maziwa, chukua. Likitoka jimaji jeupe-angavu kama maji, hindi bado ni changa: litaiva haraka, lakini halina wanga wa kutosha kuupa mchuzi uzito. Ukucha ukizama kwenye kitu kama ugali bila jimaji lolote, limepitiliza kidogo. Hilo bado linapikika, ila lichemshe kwanza kwa maji matupu nusu saa kwenye sufuria kabla ya kuliingiza chunguni. Na ukucha ukikataa kuzama, liache.

Kwa nje, tazama ndevu. Zikiwa zimekauka na kuwa kahawia huku ganda likingali la kijani na lenye unyevu, hindi limefika. Ndevu zikiwa bado nyeupe na laini, limevunwa mapema.

Nunua yakiwa na maganda yake. Hindi likishakatwa shambani, sukari yake huanza kugeuka wanga, na joto huharakisha jambo hilo. Ndiyo maana hindi lililoshinda kwenye jua la gengeni huwa na ladha ya unga hata ulipike vipi. Ukinunua jana yake, weka kwenye friji pamoja na maganda, na umenye usiku ukikaribia kuyakata. Yote nane yawe ya umri mmoja. Ukichanganya machanga na yaliyopitiliza, saa zilezile zitakupa mengine yamepasuka na mengine bado yanagonga meno.

Mahindi matamu ya njano ya supamaketi ni jamii nyingine. Yana sukari nyingi na wanga kidogo, huiva kwa chini ya nusu ya muda, na mchuzi wake hubaki mwepesi usipouongezea karanga au konfulawa. Si mabaya, na watoto huyapenda, lakini yaliyokusudiwa hapa ni yale meupe ya kutafuna.

Kata kila hindi vipande vitatu, kila kimoja karibu sentimita 5. Usikereze kwa kisu kidogo, hindi huteleza na kidole kikaumia. Weka kisu kizito juu ya hindi, lishike kwa nyuma, kisha gonga mgongo wa kisu kwa mchi wa kinu. Litakatika kwa pigo moja au mawili. Vipande vifupi kuliko sentimita 4 humwaga punje za pembeni na kukuachia magunzi matupu kwenye mchuzi.

Hindi la tisa usilikate. Likune likiwa bichi kwenye tundu kubwa za kikunio mpaka ubaki na gunzi, na uhifadhi hilo jimaji na makapi yake kwenye bakuli ndani ya friji. Huo ndio uzito wa asili wa mchuzi. Wanga wa hindi bichi hushikana na tui vizuri kuliko unga wowote wa paketi, na hauachi ladha ngeni.

Nazi na tui

Nazi iliyokomaa ni nzito mkononi na ukiitikisa unasikia maji yake. Isiyo na sauti imeshakauka au ina ufa. Angalia macho matatu: yakiwa na ukungu au unyevu, iache. Ukiivunja, nusa maji kabla ya kuyamwaga. Harufu ya uchachu au ya mafuta ya zamani haitoki kwa kupikwa, na nazi moja iliyooza huharibu chungu kizima, kwa hiyo kuna kila moja kwenye sahani yake kabla ya kuzichanganya.

Kuna kwa mbuzi, na usishuke mpaka kwenye gome la kahawia, kwani hilo hulipa tui weusi. Kwa nazi tatu, mimina kikombe 1 na nusu cha maji ya uvuguvugu juu ya chicha, fikicha kwa mkono dakika mbili tatu, kamua kwenye chujio au kitambaa safi. Hilo ndilo tui zito, na linapaswa kufika vikombe 2. Halafu ongeza vikombe 4 vya maji, fikicha tena, kamua: hilo ni tui jepesi. Maji yawe ya joto ambalo mkono unalistahimili. Mafuta ya nazi huganda kwenye ubaridi wa chini ya nyuzi 24 hivi, na ukikamua kwa maji baridi, sehemu kubwa ya mafuta itabaki kwenye machicha utakayoyatupa kwa kuku. Kwa blenda ni vivyo hivyo: maji ya uvuguvugu, dakika moja, kisha chuja.

Tui bichi halikai. Kwenye joto la pwani huanza kuchacha ndani ya saa chache, kwa hiyo likamue asubuhi ileile, au likamue usiku na uliweke friji likiwa limefunikwa. Asubuhi utalikuta limejitenga, mafuta magumu juu na maji chini. Hilo halijaharibika, lipashe taratibu na ulikoroge, litarudi.

Tui la kopo linafanya kazi. Makopo mawili ya mililita 400 yanatosha: kopo moja na robo liwe tui zito, na robo tatu iliyobaki ichanganywe na maji vikombe 3 iwe tui jepesi. Soma kopo. Mengi yana viungo vya kulizuia tui lisijitenge, kwa hiyo hustahimili moto kuliko la kukamua, ila kopo lenye mafuta chini ya asilimia 10 ni maji tu na halitakupa mchuzi wa sikukuu.

Chungu chenyewe

Nchini Marekani wengi hukiita Crock-Pot, jina la biashara lililoingia sokoni mwaka 1971. Kina bakuli zito la udongo uliochomwa, waya wa joto kwenye kuta za nje, kifuniko cha kioo, na swichi yenye alama LOW, HIGH na WARM. Wengi hudhani HIGH ni moto mkali kuliko LOW. Kwa kweli zote mbili huishia karibu na nyuzi za kuchemka. Tofauti ni muda wa kufika huko. WARM si ya kupikia kamwe, ni ya kuhifadhi joto la chakula ambacho tayari kimeiva.

Mambo matatu ya chungu hiki huwakwaza waliozoea sufuria. Mvuke hautoki, kwa hiyo mchuzi haupungui. Ukitia maji kama ya jikoni utapata supu. Kila ukifunua, joto hukimbia na unaongeza nusu saa hivi ya kupika, kwa hiyo tazama kupitia kioo. Na bakuli lake halipendi mabadiliko ya ghafla: likitoka friji usilitie kitu kinachochemka, na likiwa moto usilitie maji baridi, litapasuka.

Cha lita 6 hula wati 250 hadi 300. Kwa saa tano ni karibu uniti moja na robo mpaka moja na nusu za umeme. Hakikisha tokeni au LUKU inatosha tangu jana yake, chomeka moja kwa moja ukutani badala ya waya mwembamba wa kuunganisha, na kikae mahali tambarare, mbali na pazia na mikono ya watoto.

Kupika

Anza kwenye sufuria, dakika kumi tu. Hatua hii wengi huiruka, nayo ndiyo inayotofautisha mahindi yenye ladha na yale yaliyochemshwa. Kitunguu kibichi kikitiwa moja kwa moja kwenye chungu cha umeme hubaki na ukali wa kitunguu kibichi hata baada ya saa nne. Kwa hiyo pasha mafuta, kaanga kitunguu mpaka kilainike na kuanza kubadilika rangi pembeni, tia kitunguu saumu na tangawizi, geuza dakika moja, kisha manjano kwa nusu dakika. Rangi ya manjano huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji; ukiyatia kwenye mafuta, mchuzi wote utakuwa wa dhahabu, ukiyatia kwenye maji utaona madoa. Yasiungue, yakiungua ni machungu.

Mimina tui jepesi lote na chumvi. Koroga mpaka lianze kutokota. Linapotokota, likiwa moto hivyo, ndipo liende chunguni. Tui baridi hukuongezea saa nzima, maana chungu hutumia muda wote huo kulipasha tu. Ili bakuli lisishtuke, lijaze maji ya moto ya bombani wakati unakaanga kitunguu, kisha yamwage.

Panga vipande vya mahindi vikiwa vimesimama, upande uliokatwa chini, vikubwa chini na vidogo juu. Vikisimama, tui hupanda ndani ya gunzi na kuivisha kutoka katikati. Mimina tui jepesi. Lifike kama robo tatu ya kimo cha mahindi. Vya juu vitaiva kwa mvuke. Weka pilipili juu, zikiwa zimepasuliwa tu, ili uweze kuzitoa ukali ukitosha. Funika.

HIGH, saa 3 na nusu mpaka 4. LOW, saa 6. Kwa mahindi matamu ya njano, HIGH saa 1 na nusu hadi 2. Ukipika Nairobi au mahali pengine pa juu, ongeza nusu saa: kwenye mwinuko wa Nairobi maji huchemka karibu nyuzi 94, na hindi huona tofauti hiyo.

Katikati ya muda, mara moja tu, funua haraka, geuza vipande vya juu vishuke chini, funika.

Hindi limeiva pale punje inapong'oka kwa uma bila kushikilia gunzi, na ukiitafuna inasagika yote bila kuacha ganda gumu ulimini. Usiende kwenye hatua inayofuata kabla ya hapo. Tui zito haliivishi hindi gumu, na ukitegemea hivyo utaharibu vyote viwili.

Sasa changanya tui zito, lile hindi lililokunwa, na karanga kama unazitumia, kwenye sufuria ndogo. Pasha kwa moto mdogo huku unakoroga mpaka liwe moto na kuanza kufuka mvuke, lisichemke. Mimina chunguni taratibu ukizungusha mwiko kando ya vipande. Acha HIGH, kifuniko kikiwa kimeegeshwa wazi upana wa kidole, dakika 40. Koroga kila dakika kumi, ukifika mpaka chini, kwa kuwa wanga na karanga hupenda kushika hapo. Utaona mchuzi unaanza kuganda kwenye mwiko na kung'aa.

Zima. Subiri dakika tano povu litulie, ndipo ukamue ndimu, nusu kwanza, koroga, onja, kisha iliyobaki. Onja na chumvi, kwa sababu nazi na mahindi vyote ni vitamu na humeza chumvi. Karibu kila mara kitahitajika kijiko kingine nusu. Kotmiri inyunyizwe wakati wa kupakua.

Kwa nini ndimu isiingie mapema? Kwanza, uchachu huzuia ganda la punje kulainika, na hindi lililotiwa ndimu asubuhi litakuwa bado linakataa mchana. Pili, uchachu kwenye tui linalochemka hulikata. Nyanya nazo zina tabia hiyohiyo. Wanaopenda rangi yake wazikaange kwanza mpaka zikauke kabisa, mbili zisizidi.

Na magadi, ambayo wengi huyatia kwenye makande ili mahindi makavu yalainike, hayana kazi hapa. Hindi bichi halihitaji, na manjano yakikutana na magadi hugeuka mekundu ya kutu, rangi ambayo hakuna mgeni atakayeisifu.

Kupanga saa

Kwa chakula cha saa 7 mchana: usiku wa kuamkia sikukuu kata mahindi, kuna lile la tisa, vunja na ukune nazi. Asubuhi kamua tui, kaanga kitunguu, na saa 2 chungu kiwe HIGH. Saa 6 tui zito liingie. Saa 7 kasoro dakika 20 zima, tia ndimu.

Wanaokwenda sala ya Idd au misa ya asubuhi watumie LOW. Chungu kikiwashwa saa 12 asubuhi, saa 6 mchana kitakuwa tayari kwa tui zito, na hakuna aliyelazimika kubaki nyumbani kuchunga sufuria. Wageni wakichelewa, WARM itayashikilia mahindi vizuri kwa saa mbili. Baada ya hapo punje hunywea na mchuzi hukauka pembeni, na itabidi uongeze robo kikombe ya maji ya moto.

Umeme ukikatika ukiwa upo, usifunue. Bakuli la udongo hutunza joto kwa muda. Usiporudi upesi, hamishia kwenye sufuria na umalizie kwa gesi au mkaa, saa moja hivi. Ukikatika ukiwa haupo na hujui tangu lini, na ukakuta chakula ni vuguvugu tu, kitupe. Tui vuguvugu ni mahali bakteria wanapozaana haraka, na siku ya sikukuu haipaswi kuishia hospitalini.

Yakienda kombo

Tui limekatika: toa vipande vya mahindi kwa kijiko chenye matundu. Koroga kijiko 1 cha mezani cha konfulawa kwenye vijiko 3 vya maji baridi, mimina kwenye mchuzi, usage kwa blenda sekunde 20, ukiacha nafasi ya mvuke kwa kuwa mchuzi ni moto, yaani usifunge kifuniko cha blenda kabisa bali kifunike kwa kitambaa. Rudisha chunguni dakika 15. Utungamano hautakuwa uleule wa kwanza, lakini mezani hautatambulika. Tui hukatika kwa sababu mafuta yake yameshikiliwa kwenye maji na protini chache dhaifu, na protini hizo huganda zikichemshwa kwa nguvu au zikikutana na uchachu. Zikiganda, mafuta hujitoa.

Mchuzi ni maji: mara nyingi hindi lilikuwa changa au tui jepesi lilizidi. Funua kifuniko chote, HIGH nusu saa. Ukiwa na haraka, konfulawa kwa kipimo hicho cha juu.

Mahindi bado magumu baada ya saa nne: pengine yalipitiliza, pengine ulifunua mara nyingi, na pengine ni maji. Maji ya kisima yenye chokaa nyingi, yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hufanya ganda la nafaka na kunde kuwa sugu. Tumia maji ya mvua au ya chupa kukamulia tui. Kwa siku yenyewe, hamishia kwenye sufuria ya presha dakika 15 pamoja na tui jepesi, kisha endelea na tui zito bila kifuniko cha presha.

Ladha ya uchungu: manjano yamezidi au yameungua. Sukari kijiko kimoja cha chai husaidia kidogo, karanga husaidia zaidi.

Kuna wanaotaka kuongeza maharagwe mekundu ili kiwe chakula kamili. Hapa uangalifu mkubwa unatakiwa. Maharagwe hayo yana sumu ya asili ambayo joto la polepole halitoshi kuiua. Yaloweke usiku kucha, mwaga maji, yachemshe kwa kutokota kweli angalau dakika 10 kwenye sufuria, na ndipo yaingie chunguni.

Bila magunzi, kwa wazee na kwa meza kubwa

Gunzi linahitaji mikono miwili na meno. Mezani pakiwa na wazee, au watu wakila wamesimama, tumia punje. Simamisha hindi kwenye bakuli pana, shusha kisu karibu na gunzi, kisha kwangua gunzi kwa mgongo wa kisu ili jimaji lililobaki litoke. Vikombe 8 vya punje vinataka tui jepesi vikombe 2 na tui zito kikombe 1 na nusu tu. HIGH saa 2 na nusu kwa meupe. Huhitaji hindi la kukuna, kwani jimaji la kukwangua linatosha. Haya huliwa kwa kijiko, na hukaa vizuri pembeni ya samaki wa kukaanga.

Waswahili walioko Marekani watakutana na jamaa yake kwenye meza za Thanksgiving, Alhamisi ya nne ya Novemba: punje za mahindi matamu gramu 900 kutoka friza, jibini laini la krimu gramu 225, siagi gramu 115, maziwa nusu kikombe, sukari kijiko cha mezani, chumvi na pilipili manga. Vyote huingia kwa pamoja, LOW saa 3, na hukorogwa mara mbili mpaka jibini liyeyuke. Ni pishi rahisi kuliko letu na ni zito sana; HIGH huliunguza pembeni na jibini hushika vipunje. Jibini likatwe vipande vidogo na liwe limetoka friji saa moja kabla.

Asiye na chungu cha umeme

Sufuria zito na makaa machache hufanya kazi ileile, kwa uangalifu zaidi. Fuata kila hatua, lakini tui jepesi liwe vikombe 6, kwa sababu hapa mvuke unatoka. Likishatokota, punguza makaa yabaki manne au matano, funika, saa 1 na robo. Tui zito likiingia usiondoke jikoni: koroga kwa upande mmoja, bila kuacha, mpaka lianze kufanya mapovu madogo kando ya sufuria, kisha epua.

Mabaki

Yakibaki, yatoe chunguni na uyaweke friji ndani ya saa mbili, kwenye chombo kipana ili yapoe haraka. Yanakaa siku tatu. Usiyapashe kwenye chungu cha umeme, hakiyafikishi kwenye joto salama kwa haraka. Pasha kwenye sufuria kwa maji kidogo, ukikoroga, mpaka yachemke taratibu. Au kwangua punje, zitie kwenye mchicha uliochemshwa pamoja na mchuzi uliobaki, na kesho yake una mboga ya kulia ugali.